Mbuzi Wasiotajwa

Mandewa, Singida
2 Februari 2025

Mwanangu Ashrafu,

Assalaam alaykum. Marahaba naitanguliza, maana najua ungeanza na shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, nalo ni la siku zote. Mkeo Nasma hajambo? Na Amne anaendeleaje na kikohozi? Mwambie mimi bibi yake nimemwekea karanga kwenye kopo la bluu, na hakuna anayeruhusiwa kuligusa.

Mvua zilikata katikati ya Januari, zikarudi juzi. Andrea, mtoto wa mjomba wangu kule Ilongero, anasema alizeti zake zimefika magotini. Wapangaji wangu ni walewale wawili. Rebeka wa chumba cha mbele bado anapiga pasi nguo za watu. Joshua wa chumba cha uani amenunua redio yenye boksi la besi kubwa kuliko kitanda chake. Mita ya umeme ni moja kwa sisi watatu, na nimeshawaambia tusivuke uniti sabini na tano kwa mwezi, maana tukivuka bei inapanda. Joshua akanijibu, "Mama, muziki hauli umeme, unaliwa na masikio." Nikazima kila kitu ndani ya nyumba, nikawasha redio yake peke yake, nikamsimamisha mbele ya mita aone kitaa chake kinavyopepesa. Sasa analipa elfu mbili zaidi. Tumeelewana.

Elfu arobaini yako imefika. Mungu akuzidishie. Tangu uajiriwe, Februari 2023, hujaruka hata mwezi mmoja, na namwambia kila mtu hivyo, hata asiyeuliza.

Ila kuna jambo dogo. Ulikuwa unatuma kwa simu, tarehe ishirini na tatu au ishirini na nne, siku ya mshahara au siku inayofuata. Sasa ni mara ya pili hela inakuja kwenye bahasha, mkononi mwa konda, na hii ya mwisho imefika tarehe ishirini na tisa. Simu yako haipatikani tangu kabla ya mwaka mpya. Sisemi kitu. Nauliza tu kama imeharibika. Namba ya Nasma ninayo, lakini swali hili ni lako, si lake.

Wasalimie wote.

Shangazi yako,
Hajira


Sekenke
22 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Amne kikohozi kimekwisha, na habari za kopo la bluu amezipokea vizuri. Anauliza basi linaondoka saa ngapi. Nasma anakusalimu sana. Shuleni nimepewa darasa la tatu, watoto themanini na mmoja, madawati ishirini na sita.

Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Fundi anasema ni kioo na kitu kingine ndani, anasubiri kifaa kutoka Singida mjini. Kwa hiyo tutumie barua kwanza. Najua wewe hukasiriki. Uliuza stempu miaka ishirini na sita. Konda Damiani ni mtu mwaminifu na anapita hapa kila siku mbili.

Nasma ana swali. Anasema kwako gunia la mkaa linakaa miezi miwili na nusu, la kwetu halimalizi mwezi. Unafanyaje? Na maharage, na mafuta ya kula. Anataka kujifunza tu, si kwamba kuna shida. Wali tumepunguza, lakini hiyo ni kwa ajili ya afya.

Na mimi nina swali langu. Unawasha taa, shangazi? Usijibane na umeme. Hiyo arobaini ni ya umeme na mkaa wako. Ikipungua niambie, nitaongeza.

Mwanao,
Ashrafu


Mandewa
6 Machi 2025

Mwanangu Ashrafu,

Assalaam alaykum na Ramadhani karimu. Leo ni mfungo wa tano. Goti linafunga pamoja nami, halina nguvu mpaka futari. Elfu arobaini imefika tarehe mosi. Ahsante.

Mwambie Nasma hivi. Maharage ayaloweke tangu jana yake. Yachemke nusu saa, kisha sufuria na mfuniko wake avizungushie blanketi kuukuu, avidumbukize kwenye kapu, asivifunue. Kwa saa tatu yatajiivisha yenyewe. Mkaa uliobaki asiumwagie maji. Aufunike na sufuria bovu ufe kwa kukosa hewa, kesho utawaka tena. Hapo ndipo gunia linapopata mwezi wa pili. Mafuta asinunue ya vifuko. Mwezi wa sita aje na dumu, tukamue alizeti za Andrea. Mwenye kinu haombi hela, anabaki na mashudu kwa ajili ya ng'ombe wake. Pasi ni ya Ijumaa tu, nguo zote mara moja. Dakika kumi za pasi ya Rebeka zinakula sawa na taa yangu ya sebuleni kwa juma zima. Nimepima.

Na kitu kimoja ambacho Nasma hakuuliza. Msiwe na daftari la madeni dukani. Mwenye daftari hanunui, anapewa. Hawezi kusema mchele huu una mawe.

Taa nawasha. Mimi sijibani, nimezoea tu.

Sasa nisikilize. Pale dirishani posta nilijifunza kitu. Watu walikuwa wanaleta hela za kutuma kwa wazazi, kila mtu na tarehe yake, mpaka ningeweza kupanga kalenda kwa nyuso zao. Mtu akianza kuchelewa siku tano, sita, kila mwezi, na kazi anayo ileile, basi kuna mtu mwingine amesimama mbele yake kwenye foleni.

Iddi mnakuja? Nimeagiza kuku wawili.

Shangazi yako,
Hajira


Sekenke
28 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Iddi hatutaweza kuja, kuna zamu shuleni. Tafadhali usichinje kuku wote wawili. Arobaini imo ndani ya bahasha.

Kapu la maharage limefanya kazi. Nasma amewafundisha majirani watatu.

Ashrafu


Mandewa
3 Aprili 2025

Mwanangu,

Iddi njema. Nilichinja mmoja. Joshua alikula mapaja yote mawili, akasema ananisaidia yasiharibike.

Zamu ya walimu siku ya Iddi sijawahi kuisikia. Siku hiyo alikuja Theodora, jirani yangu wa nyumba ya nne, mwalimu mstaafu, kunipa mkono wa sikukuu. Nikamuuliza. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba miaka yake miwili ya mwisho kazini hakuwahi kuishika kadi yake ya benki. Alikuwa nayo mkopeshaji, pamoja na namba yake ya siri. Siku ya mshahara mkopeshaji alikwenda kwenye mashine na furushi la kadi za walimu, akatoa hela, akakata riba yake, chenji akawagawia baada ya siku kadhaa. Hao wanaoitwa kausha damu. Alipostaafu aliidai kadi yake, ikatafutwa siku mbili.

Sina swali refu. Kadi yako ya benki iko wapi?

Shangazi yako


Sekenke
20 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nasma na Amne hawajambo. Barua yako nimekaa nayo siku kumi na moja. Nimeandika majibu matatu nikayachana.

Kadi iko kwa Bwana Noel. Ana duka hapa njia ya machimboni, anauza mchele, betri na sururu, na anakopesha walimu na wachimbaji. Agosti iliyopita Amne alilazwa siku sita. Nilikopa laki mbili. Riba ni elfu thelathini kwa kila laki, kila mwezi. Inahesabiwa siku mshahara unapoingia; ukimalizana naye kabla ya siku hiyo, ya mwezi huo hulipi. Ukichelewa saa moja, unailipa yote. Ninachopokea baada ya makato mengine ni laki tatu na themanini. Nilidhani nitamaliza Oktoba.

Nikaja kushindwa kwenye ile arobaini yako. Kila mwezi nikimlipa riba, hela iliyobaki haikufika kwako na kwenye chakula pamoja. Basi nilimwambia aniongezee elfu arobaini, akaandika. Septemba mpaka Machi, mara saba. Sasa deni ni laki nne na themanini, na riba ni laki moja na arobaini na nne elfu kwa mwezi. Simu haikutumbukia kwenye ndoo. Niliiuza Desemba kwa elfu themanini.

Utauliza kwa nini sikuacha kutuma. Unakumbuka Iddi ya mwaka jana? Tulifika baada ya Magharibi. Nyumba yote giza, wewe umekaa barazani peke yako. Uliwasha taa tulipoingia, na tulipomaliza kula uliizima. Kwenye basi nilimwambia Nasma, shangazi hana hela ya umeme na hasemi. Mtu aliyenilipia ada kuanzia darasa la kwanza mpaka chuo, tangu baba alipofariki, nimwache akae gizani na mimi nina mshahara? Niliapa sitaruka mwezi.

Nasma hajui habari za kadi. Nimemwambia ni makato ya serikali. Anaamini, ndiyo maana anakuuliza habari za mkaa.

Tarehe ishirini ikipita huwa siwezi kula vizuri. Juzi Amne alinipandia mapajani, akanishika kidevu kwa mikono miwili, akaniuliza, "Baba, unaumwa wapi?" Nikamwambia jino. Sasa kila asubuhi ananifungua mdomo alitafute.

Usimwambie mtu, shangazi. Na usiniletee hela. Sikuandika kwa ajili hiyo.

Ashrafu


Mandewa
1 Mei 2025

Mwanangu Ashrafu,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, wapangaji wazima, mvua zimekwisha. Barua yako ya tarehe ishirini imenifikia juzi, tarehe ishirini na tisa. Damiani alihamishiwa gari la Dodoma, ikasafiri naye mfukoni mara nne kwenda na kurudi. Kwa hiyo tarehe ishirini na tatu imepita, na Noel amechukua laki moja na arobaini na nne nyingine. Nimepiga hesabu ya riba yote uliyolipa tangu Septemba: laki nane na kumi na sita elfu. Kwa deni la laki nne na themanini ambalo bado limesimama.

Sikutukani. Nakueleza jambo ambalo nilikuwa sitaki kulieleza.

Mama yangu, ambaye ni bibi yako, alikuwa Mnyaturu wa Ilongero, unajua hilo. Alinifundisha kwamba mnyama wako akae zizi la mtu mwingine, watu wasijue ni wako. Hivyo jirani hatakuja kukukopa, mwizi hatakulenga, na wewe mwenyewe hutamchinja kwa tamaa ya siku moja. Anayekutunzia anapata maziwa, samadi, na mtoto mmoja katika kila watatu wanaozaliwa. Na mwenye mnyama hamtaji mpaka siku anapohitajika. Hata watoto wake hawaambii.

Mpaka Machi umeniletea elfu arobaini mara ishirini na sita. Sita za mwanzo niliezekea choo na chumba cha Rebeka. Ishirini zilizofuata ni laki nane. Nimenunua mbuzi jike kumi, wa elfu themanini kila mmoja, kila baada ya miezi miwili. Wako zizini kwa Andrea. Watatu walikufa, waliobaki wamezaa. Leo, ukiondoa haki ya Andrea, wamesimama kumi na sita. Ni wako. Nilikusudia kukutajia siku utakapotaka kujenga.

Umeme sikuukosa hata siku moja. Kodi ya vyumba viwili ni elfu sabini, na inanitosha. Nakaa gizani kwa sababu barazani hakuna ninachokisoma. Tulipomaliza kula nilizima taa kwa sababu tulikuwa tumemaliza kula.

Nilipaswa kukuambia usitume. Sikuweza. Tulivyolelewa sisi, kumrudishia mtoto hela yake ni kumfunga mkono. Basi nilipokea, nikaificha kwa faida yako, na wewe ukaikopa kwa Noel ili nipate cha kuficha. Katika ile riba, laki tatu na thelathini na sita elfu ni ya hela uliyoniletea mimi. Nimeiandika pembeni mwa kalenda. Nitaiangalia mwaka mzima.

Sasa kazi. Madume wa kuuzika ni watano. Bei ya mnada leo ni kama elfu tisini na saba kwa mmoja. Wiki ya Iddi ya kuchinja, mwanzoni mwa Juni, watafika laki moja na thelathini. Kwa watano hiyo ni tofauti ya laki moja na sitini na tano elfu. Tukisubiri, tutamlipa Noel riba ya Mei, laki moja na arobaini na nne. Bado tunabaki na faida ya elfu ishirini na moja. Kwa hesabu, tusubiri.

Ila kwa vyovyote vile, hela hiyo sitaituma kwa konda wala kwa simu, na sikupi wewe. Atakuja kuichukua Nasma kwa mkono wake. Namba yake ninayo. Sitampigia. Utamwambia wewe.

Shangazi yako,
Hajira


Mandewa
9 Mei 2025

Ashrafu,

Hujajibu. Sijui kama ni Damiani au ni wewe.

Nimeirudia hesabu yangu mara mbili na haina kosa. Kusubiri Iddi kunaleta elfu ishirini na moja. Kisha nikasoma tena pale Amne anapolitafuta jino. Leo asubuhi nimepanda bodaboda mpaka Ilongero, mimi na goti langu, nikauza madume watano mnadani. Andrea alidhani nimeugua. Akaniuliza, "Dada, wiki nne kabla ya sikukuu? Wewe?" Nikamwambia ahesabu hela, asinihesabu mimi.

Laki nne na themanini na tano elfu. Elfu tano iliyozidi ni nauli ya Nasma ya kurudia. Hela iko ndani ya Kurani ya marehemu baba yako.

Mpaka tarehe ishirini na tatu zimebaki siku kumi na nne.

Hajira


Sekenke
24 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tumefika sote kwenye tarehe hii, wazima.

Najua Nasma alikueleza ya kwake. Nakueleza yangu. Barua zako mbili nilizipata siku moja, tarehe kumi na mbili. Siku tatu nilizibeba kwenye mfuko wa shati. Siku ya nne Nasma alikuwa anamenya viazi vitamu nje, nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikamsomea zote mbili kwa sauti, kwa sababu kusema kwa maneno yangu nilishindwa. Alimenya mpaka mwisho. Akauliza, "Shangazi anajua tangu lini?" Nikamwambia, tangu Aprili. Akasema, "Basi mimi ndiye wa mwisho kwenye mji wangu mwenyewe." Siku mbili hakunisemesha isipokuwa kuhusu maji na chumvi. Asubuhi ya Jumamosi akamvika Amne viatu, akaenda kusubiri basi. Hakuniambia kama atarudi.

Alirudi Jumatatu. Alhamisi, tarehe ishirini na mbili, tulikwenda kwa Noel pamoja.

Noel alisema, "Shemeji, karibu! Mwalimu leo amekuja na ulinzi?"

Nasma akajibu, "Hakuja na ulinzi. Amekuja na mwenye mji."

Nikaweka hela kaunta. Noel alizihesabu mara mbili, akazipanga upya, akaangalia kalenda ukutani. "Laki nne na themanini ni mtaji tu. Kesho mshahara unaingia. Tuseme umeshaingia."

"Kesho haijaingia leo," Nasma akasema. "Kanuni si uliiweka mwenyewe? Kabla ya siku ya mshahara, riba ya mwezi hailipwi."

"Kanuni hiyo alikuambia nani?"

"Wewe. Ulimwambia mume wangu, akamwandikia shangazi yake, na shangazi yake anatunza barua. Alikuwa posta."

Wachimbaji wawili waliokuwa wananunua betri wakaacha kununua. Mmoja akasema, "Noel, huyo mama ana risiti." Noel akacheka, ila si sana. Akainama chini ya kaunta akatoa bati la biskuti. Shangazi, lilikuwa limejaa kadi. Zimefungwa kwa raba, kila moja na kikaratasi cha jina na namba. Alizikagua kama mtu anayechagua karata. Mmoja wetu hapa shuleni niliona jina lake, na yeye ndiye anayenicheka kwamba mimi sina simu.

Aliponipa kadi alisema, "Mwalimu, unaniacha. Mtoto akiugua utakwenda kwa nani?"

Nikaitia kadi mfukoni. Nasma ndiye aliyejibu. Akamwambia, "Ilongero," akashika njia. Noel hakuelewa, na wachimbaji hawakuelewa.

Tukiwa njiani aliniambia kadi thelathini na moja. Alizihesabu.

Jana tulikwenda kwenye mashine sote watatu. Laki tatu na themanini, yote, sikuwa nimeiona tangu mwaka jana. Tumebadilisha namba ya siri. Mpya ameichagua Nasma na mimi siijui. Anasema nitaambiwa tukimaliza mwaka bila daftari dukani.

Bado hajanisamehe vizuri. Ila jana usiku alinipakulia kwanza.

Amne ameambiwa jino limeng'olewa. Anataka kuliona.

Na sasa nashindwa na kitu kimoja. Mwezi huu nikutumie nini?

Mwanao,
Ashrafu


Mandewa
1 Juni 2025

Mwanangu Ashrafu,

Assalaam alaykum. Marahaba. Goti halijambo tangu lilipopanda bodaboda. Inaonekana lilikuwa linataka kutembezwa. Rebeka amepata kazi ya kufua na kupiga pasi sare za wanakwaya, kwa hiyo tumekaa kikao kingine cha mita. Joshua ndiye aliyekuwa anapima. Amekuwa mkali kuliko mimi.

Mbuzi dume wamefika laki moja na thelathini na tano. Andrea alinipigia simu kunijulisha. Nilimwambia sikuuliza.

Umenieleza yako, nami nikueleze ya Nasma, maana yeye hatakueleza. Alifika saa nane mchana na Amne amelala begani. Nilimpa maji. Nilimpa hela, akazihesabu mbele yangu, vizuri, kama nilivyopenda. Hakulia. Aliniuliza bafu liko wapi, ingawa analijua, akakaa huko muda, akarudi amenawa uso. Kisha akaniambia, "Shangazi, nimekuwa nikiloweka maharage miezi miwili ili Noel apate riba." Nikapanga viti viwili barazani tukakaa. Usiku wa pili ndio alianza kuongea, na hakukusema vibaya hata mara moja. Kwa hiyo usimharakishe.

Wamebaki mbuzi kumi na mmoja. Nimempeleka Nasma Ilongero akawaona. Andrea sasa anamjua kama mwenye mali mwenza. Mweupe mwenye sikio lililochanika ni wa Amne. Haya nayaandika mara moja tu. Barua hii ukishaisoma mwachie Nasma, na hao mbuzi tusiwataje tena.

Unauliza unitumie nini. Elfu arobaini mpe Nasma mkononi, tarehe ileile, asiache mwezi hata mmoja. Atakapoipeleka ni shauri lake, usimuulize. Mimi niandikie tu jambo linapotokea, sio baada ya miezi minane. Stempu nitalipa mimi.

Iddi ni Jumamosi. Nauli mnayo, nimeshapiga hesabu ya mshahara wenu. Panda basi la mchana, mfike kabla jua halijazama. Na kama mtachelewa, mtaikuta taa ya barazani inawaka. Nimeanza kuiwasha tangu Alhamisi, kuizoea. Usidhani nimeharibikiwa. Ni wati tisa, saa sita kwa siku, haifiki uniti mbili kwa mwezi. Nimepima.

Shangazi yako,
Hajira